Kikombe Kimoja Huko Maraba

Basi liondokalo Kampala jioni hufika Katuna alfajiri, wakati ukungu wa milima ya Kabale ungali umelala mabondeni. Abiria hushuka na mablanketi mabegani, hupanga mstari, huonyesha vitambulisho vyao, na baada ya hapo basi lile lile huanza kwenda upande mwingine wa barabara, maana katika Rwanda magari hupita kulia. Askari aliyewahi kupangiwa kazi mpakani hapo anapafahamu vyema. Njia hiyo ilifungwa mwezi Februari 2019 ikafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022, na katika muda huo wachuuzi wa pande zote mbili walijua thamani ya mpaka ulio wazi. Rwanda haina bahari. Kila gunia la kahawa yake liendalo ng'ambo hapana budi lipite katika nchi ya jirani, ama kwa Mombasa ama kwa Dar es Salaam, na kahawa hiyo ndiyo sababu ya safari inayosimuliwa hapa.

Kigali hupitwa upesi. Mji ni safi, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, na mgeni asiyejua Kinyarwanda akifika mtaa wa Nyamirambo atapata Kiswahili cha kutosha kununulia chapati na kuulizia njia. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, lakini mtaani hapo kilikuwako tangu zamani bila kungoja sheria. Kutoka mjini barabara ya lami hushuka hadi daraja la mto Nyabarongo, wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha hupanda na kuzunguka vilima hata msafiri akakata tamaa ya kuona tambarare. Hupita Muhanga, ambayo watu wazima wangali wanaiita Gitarama, hupita Ruhango, hupita Nyanza palipokuwa makao ya wafalme, na baada ya kilomita kama 130 hivi huingia Huye.

Mji huu uliitwa Butare hadi mpango mpya wa utawala wa mwaka 2006. Ni mji wa wasomi. Chuo Kikuu cha Taifa kilianzishwa hapa mwaka 1963, na makumbusho makubwa yaliyo mwanzoni mwa mji, zawadi ya Ubelgiji, yalifunguliwa mwaka 1989. Lakini msafiri wa kahawa hapotezi muda mwingi mjini. Huishika barabara ya magharibi, ile iendayo Nyamagabe na msitu wa Nyungwe, na baada ya mwendo mfupi hujikuta Maraba.

Maraba si mji. Ni vilima vilivyobanana, kila kimoja na migomba yake, mashamba yake madogo ya maharagwe na viazi, na katikati ya hayo mibuni iliyotandikwa nyasi kavu chini ya shina ili udongo usikauke. Hapana mashamba makubwa ya kampuni yenye mstari usio na mwisho. Mtu mmoja ana mibuni mia mbili, jirani yake mia tatu, mjane wa ng'ambo ya bonde pengine hana hata mia. Mganda wa Masaka aliyezoea kahawa yake ya robusta ya bondeni ataiona mibuni hii kuwa mifupi na ya taabu. Mtu wa Mbale, aliyekulia katika mteremko wa mlima Elgon, ataitambua mara moja kama ndugu wa kahawa ya kwao: ni arabika, ya jamii iitwayo Bourbon, na huota juu ya mita 1,500 ambako usiku ni baridi na tunda huiva polepole.

Kahawa haikuingia Rwanda kwa hiari ya mkulima. Wamisionari wa Kijerumani waliipanda Mibirizi, kusini-magharibi, mnamo mwaka 1904. Baadaye, katika miaka ya 1930, Wabelgiji wakawalazimisha wakulima kuipanda, na hata baada ya uhuru kung'oa mbuni lilikuwa kosa. Mkulima aliitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa serikali: hafi, wala hanenepi. Matunda yalimenywa nyumbani kwa jiwe au kwa mashine ndogo ya mkono, yakaoshwa kwa maji machache yaliyokuwapo, yakaanikwa uani mbele ya kuku. Mchuuzi alipita na mizani yake akachukua zote, njema na mbaya, kwa bei moja. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka. Miaka mitano baadaye, 1994, yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu wa Huye hawahitaji kuelezwa lililotokea katika vilima hivyo, na hapa si mahali pa kulieleza kwa haraka. Yatosha kusema kwamba vita na mauaji yalipokwisha, mibuni mingi ilikuwa imebaki porini bila mwenyewe, na waliorudi kuipalilia wengi wao walikuwa wanawake, wengine wajane, wengine wake za watu waliokuwa gerezani.

Mwaka 1999 wakulima wa Maraba waliunda chama cha ushirika wakakiita Abahuzamugambi, maana yake watu walioungana katika nia moja. Jina hilo, katika mahali pale na wakati ule, halikuwa jambo dogo. Chuo Kikuu kilikuwa jirani, na kwa msaada wa mradi ulioshirikisha vyuo viwili vya Marekani, kituo chao cha kwanza cha kuoshea kahawa kilijengwa mwaka 2001 pale Cyarumbo, karibu na barabara ya lami. Mwaka uliofuata kampuni moja ya kahawa ya jimbo la Louisiana huko Marekani ikanunua mzigo wao. Mwaka 2003 kahawa yenye jina la Maraba ikauzwa madukani Uingereza. Jina la kilima, si jina la nchi tu, lilikuwa limeandikwa juu ya pakiti.

Ili msomaji aelewe habari ya mashindano, hana budi kwanza asimame kituoni jioni moja ya msimu, baina ya mwezi Machi na Juni.

Kituo hujengwa mteremkoni, kwa sababu maji ndiyo yafanyayo kazi kubwa na maji hayapandi mlima. Kuanzia saa nane mchana watu huanza kuteremka na vikapu vichwani, wengine kwa baiskeli iliyofungwa gunia nyuma na mtoto akiisukuma. Kila kikapu humwagwa juu ya mkeka, na mwenye matunda hupiga magoti akayachambua tena mbele ya karani, akitoa ya kijani na yaliyokaukia mtini. Karani haangalii uso wa mtu, huangalia rangi. Matunda huingizwa katika pipa la maji: mazito huzama, mepesi huelea, na yaliyoelea hurudishwa pembeni kwa bei ya chini. Hapo ndipo zogo huanza, maana hakuna mtu apendaye kuambiwa kwamba jasho lake linaelea. Kisha mizani, kisha daftari, kisha mashine ya kumenyea ambayo hunguruma hadi usiku wa manane, kwa sababu matunda yaliyovunwa leo hayaruhusiwi kulala. Yakilala huchacha, na uchachu ule haufutiki tena.

Punje zilizomenywa, zikingali na ute wake, huvundikwa katika matangi kwa saa kumi na mbili au zaidi. Asubuhi vijana huingia pekupeku katika mfereji mrefu wa saruji wakazisukuma kwa majembe ya mbao huku maji yakipita. Punje nzito hubaki mwanzo wa mfereji, nyepesi huchukuliwa mbele, na hivyo daraja ya kwanza hujitenga yenyewe bila kusema neno. Baada ya hapo huja kazi ya wanawake. Chini ya paa, mbele ya meza za waya, huketi safu kwa safu wakichambua punje ambazo zingali mbichi ndani ya ganda lake jembamba, kwa sababu zikiwa na maji kasoro huonekana na zikikauka hujificha. Kutoka hapo ni jua, majuma mawili hivi, kugeuza kwa mkono, kufunika mchana jua likiwa kali, kufunika tena mvua ikitisha. Kilo tano au sita za matunda hutoa kilo moja tu ya punje tayari kwa kukaangwa. Mtu akinunua kikombe cha kahawa ya namna hiyo mjini kwa bei kubwa akaguna, afadhali aihesabu mikono iliyoipitia.

Basi mwaka 2008 mashindano yaitwayo Cup of Excellence, yaani Kikombe cha Ubora, yaliletwa Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Yalikuwa yameanza Brazil mwaka 1999, yakaenea katika nchi za Amerika ya Kati na Kusini, na nia yake ilikuwa moja: kutafuta kahawa iliyo bora kuliko zote katika nchi kwa mwaka ule, kuitaja kwa jina la aliyeitengeneza, na kuiuza kwa mnada ili bei isipangwe na mazoea ya soko. Mwaka mmoja kabla ya hapo Rwanda ilikuwa imefanya mashindano yaliyoitwa Golden Cup, ambayo yalikuwa kama mazoezi kabla ya vita. Burundi nayo ikafuata mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2020. Nchini Rwanda mashindano hayo yalirudiwa mara kadhaa baada ya 2008, na yalifanyika pia mwaka 2018.

Huko Brazil mwenye shamba kubwa huingia mashindanoni kwa kahawa yake mwenyewe. Rwanda jambo hilo haliwezekani, maana mtu mwenye mibuni mia mbili hawezi kujaza hata magunia machache. Kinachoshindana ni kituo. Vikapu vya watu mia, walioishi juu ya vilima mbalimbali na wenye historia mbalimbali, humwagwa katika tangi moja na kutoka kama kahawa moja, na hukumu itakayotolewa ni moja. Mvivu mmoja akichanganya matunda ya kijani, si yeye peke yake aanguaye. Askari ataelewa jambo hili bila maelezo mengi: kikosi hukaguliwa kwa kifungo cha mtu mmoja.

Kwa hiyo kujaza fomu ya kushiriki ndicho kitu chepesi kuliko vyote. Ugumu huanza miezi mitatu kabla. Meneja wa kituo huandika katika daftari kila siku ya mapokezi, kahawa ya kila siku huanikwa peke yake, na kibao chenye namba ya siku hufungwa kwenye meza. Bila kibao hicho hakuna mashindano, kwa sababu hakuna atakayejua ni kahawa ipi iliyokuwa nzuri. Mwisho wa msimu siku chache huteuliwa: zile ambazo mvua ilinyesha kwa kiasi, matunda yaliiva sawasawa, jua halikuunguza. Sampuli huchukuliwa na kupelekwa. Kahawa yenyewe, shehena nzima iliyoandikishwa, huwekwa ghalani chini ya ulinzi ili isibadilishwe wala isiuzwe mpaka hukumu ipatikane.

Neno hilo la mwisho, isiuzwe, ndilo linaloleta mabishano katika mkutano wa wanachama. Kituo hununua matunda kwa mkopo. Mkopo wa benki una tarehe zake, na benki haionji kahawa. Mnunuzi wa kawaida yupo mlangoni mwezi Julai na fedha yake mkononi. Mwenyekiti asemapo kwamba shehena iliyo bora kuliko zote iwekwe kando hadi miezi ya mbele, kwa matumaini ya watu wenye vijiko, huwa hapakosekani mzee wa kusimama nyuma na kuuliza swali lenye haki: na ikishindwa? Ada ya shule hailipwi kwa sampuli. Ikishindwa, kahawa hiyo haiharibiki, wala haikosi mnunuzi, lakini msimu umepita, bei pengine imeshuka, na riba imekuwa ikihesabu siku zote hizo bila kulala. Wako wanaosema mashindano ni ya vituo vya matajiri, wenye fedha za kungojea. Wasemao hivyo hawakosei kabisa. Kampuni yenye vituo vitano inaweza kupeleka shehena nne na kungoja kwa utulivu, ilhali ushirika wenye kituo kimoja huweka rehani moyo wake wote.

Hata hivyo wako waliopeleka. Kilichowasukuma si tamaa ya fedha peke yake. Kwa muda wa miaka mia moja hivi hakuna mtu aliyewahi kumwambia mkulima wa vilima hivi kama kahawa yake ni nzuri au ni mbaya. Aliambiwa uzito tu.

Iko hatari moja ambayo vituo vya Rwanda na Burundi hukabiliana nayo na ambayo washindani wa Brazil hawaijui. Huitwa ladha ya kiazi. Punje moja yenye kasoro hiyo ikisagwa pamoja na nyingine, kikombe kizima hutoa harufu ya kiazi ulaya kibichi kilichomenywa sasa hivi. Haidhuru afya, lakini haiwezi kunyweka kwa raha. Huhusishwa na mdudu aitwaye antestia, bapa kama kunguni, mwenye madoa, ambaye hutoboa tunda likiwa mtini. Ubaya wake ni kwamba punje hiyo, ikiisha kukauka na kukobolewa, jicho haliwezi kuitofautisha na jirani yake. Mnunuzi wa Ulaya anaweza kunywa vikombe tisini na tisa vya kahawa tamu ya Huye, akapata kiazi katika cha mia, na akakumbuka hicho cha mia.

Dawa yake ni kazi ndogo ndogo nyingi. Kukata matawi ya mbuni ili mwanga upite, kwa maana mdudu hupenda giza la majani. Kupulizia dawa ya pareto, zao ambalo Wanyarwanda wenyewe hulilima kaskazini chini ya milima ya volkeno. Kuondoa matunda yaeleayo. Na juu ya yote, macho ya wale wanawake wa meza za mwanzo, watafutao tundu dogo la mdudu kwenye punje mbichi. Wao hawaitwi jukwaani siku ya zawadi. Lakini shehena ikifika mbele ya waamuzi bila kiazi, ni wao walioifikisha, na shehena ikikutwa na kiazi, kazi ya miezi mitatu hutupwa katika ndoo pamoja na kikombe hicho.

Chumba cha kuonjea hufanana na maabara ya shule zaidi kuliko mkahawa. Meza ni ndefu, vikombe vimepangwa, na hakuna jina popote. Kila kahawa ina namba tu, na aijuaye maana ya namba ni mkaguzi ambaye haonji. Kahawa moja huwekwa katika vikombe kadhaa, ili kiazi kikijificha katika kimoja kisipite. Waamuzi hunusa unga mkavu, maji ya moto humwagwa, baada ya dakika nne huvunja tandabui la juu kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa karibu kugusa. Kisha huonja kwa kuvuta kwa nguvu, kwa sauti ambayo mtoto wa Kiafrika angepigwa kwayo mezani, kama mtu anywaye uji wa moto akichelewa paredi. Hutema. Huandika. Hakuna azungumzaye.

Alama hutolewa kwa mambo manane: usafi wa kikombe, utamu, uchachu, uzito mdomoni, ladha yenyewe, kinachobaki baada ya kumeza, uwiano wa yote hayo, na maoni ya jumla ya mwamuzi. Kila jambo lina alama nane, jumla 64, kisha huongezwa 36 ili ifike mia. Mwalimu yeyote atacheka akisikia kwamba mtahiniwa hupewa 36 kwa kufika tu, lakini asicheke upesi. Zamani ilitosha kupata 84 ili kuhesabiwa miongoni mwa washindi, na baadaye kiwango kilipandishwa kidogo kidogo hadi 87, na baina ya 84 na 87 kuna mlima mrefu. Kwanza huonja waamuzi wa nchi yenyewe, kwa siku kadhaa, wakichuja. Zinazobaki hupelekwa mbele ya waamuzi wa kimataifa ambao huzionja tena na tena, na zile kumi za juu huonjwa upya zaidi ya nyingine.

Hao waamuzi wa nchi wanastahili neno. Mnamo mwaka 2000 ilikuwa vigumu kumpata Mnyarwanda aliyefundishwa kuonja kahawa kwa kazi. Vijana wa kwanza walifundishwa hapa hapa Butare, wengi wao watoto wa wakulima, na miongoni mwao wasichana walikuwa wengi. Nyumbani kwao kahawa haikunywewa: walikunywa chai, au pombe ya ndizi siku ya sherehe. Mtu aliyechuma kahawa tangu utotoni alikutana na ladha yake kwa mara ya kwanza akiwa na kijiko mkononi na karatasi ya alama mbele yake. Waliporudi vilimani waliweza kumwambia mzee, kwa Kinyarwanda na bila mkalimani, kwamba kahawa ya Jumanne ilikuwa tamu na ya Alhamisi ilikuwa imechelewa mashineni.

Msomaji anaweza kujaribu jambo hilo nyumbani, hata kambini, bila chombo cha gharama. Achukue kahawa mbili tofauti, vijiko viwili vidogo vya unga kwa kila kikombe, amimine maji yaliyochemka na kutulia nusu dakika, angoje dakika nne, avunje tandabui, anuse, aondoe povu, na aonje ikipoa kidogo bila sukari. Watoto huona tofauti upesi kuliko wazazi, maana hawajajizoesha kuificha kwa vijiko vitatu vya sukari.

Majuma kadhaa baada ya hukumu huja mnada. Huendeshwa kwa intaneti, na wanunuzi huwa Japani, Marekani, nchi za Ulaya na kwingineko, kila mmoja akiwa amekwisha pokea sampuli na kuionja kwake. Huko kituoni hakuna kinachoonekana. Hakuna nyundo wala kelele za dalali. Meneja hukaa mbele ya kompyuta au simu yake akiangalia namba zikibadilika, na nje ya mlango watu waliokuja kwa shughuli nyingine hukuta wamesahau shughuli hiyo. Bei za mnada huu huwa juu kuliko za soko, na sehemu kubwa ya fedha hurudi kwa mwenye kahawa. Lakini shehena ya mashindano ni ndogo kulinganisha na mazao yote ya kituo, na fedha hizo zikigawanywa kwa wanachama mia kadhaa, kila mmoja hupata kitu cha bati chache za nyumba, au mbuzi, au muhula mmoja wa shule. Anayesema kwamba kikombe kimoja kimewatajirisha watu wa kilima hajawahi kupanda kilima hicho.

Faida yenyewe hupita njia nyingine. Mnunuzi aliyeshindwa kupata shehena ya mnada huandika barua kuuliza kama kituo hicho hicho kina kahawa nyingine ya mwaka ule. Mwaka unaofuata huja mwenyewe, huvaa buti, hutembezwa mashambani, na hulipa kwa kahawa ya kawaida bei iliyo mbali na ile ya mchuuzi wa mizani. Hata kituo kilichoshindwa hurudishiwa alama zake, na alama hizo, zikiambatana na daftari la meneja, husema ni siku gani kazi iliharibika. Mnamo mwaka 2000 vituo vya kuoshea kahawa nchini vilihesabika kwa vidole, na leo ni mamia. Si mashindano peke yake yaliyovijenga, ila yalivipa sababu ya kuona haya.

Jioni Maraba huingia ghafla. Jua hudondoka nyuma ya vilima vya Nyungwe na baridi hupanda kutoka bondeni kabla taa za kituo hazijawashwa. Mnamo saa kumi na mbili mawingu yakikusanyika, kengele ya chuma hupigwa mara tatu, na wafanyakazi wote, hata karani na mlinzi, hukimbilia meza za kuanikia wakivuta maturubai. Matone ya kwanza huwakuta wamefika meza ya mwisho. Mwanamke mmoja hurudi nyuma mvuani, kitenge kichwani, kwa sababu upepo umegeuza kibao cha meza yake. Hukisoma, hukigeuza uso juu, hukifunga upya kwa uzi wa katani, kisha hukimbilia darini na wenzake. Kibao kimeandikwa kwa chaki: siku ya 41.